Mrija wa Kioo na Macho ya Masanja

Siku mliponiaga kwa soda na biskuti, kijana mmoja wa maabara alinisogelea, adabu mdomoni na kicheko machoni. "Shikamoo Mzee Hamisi. Eti ni kweli nyinyi mlikuwa mnatenganisha vitu bila pampu?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia pampu yetu ilikuwa uzito wa maji yenyewe, yakitaka kushuka yanashuka, yasipotaka unakaa kitako unayangoja. Mkacheka wote. Mimi nikaenda nalo nyumbani lile swali, na kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna wa kunikatiza maneno, nimekaa kuliandikia jibu. Habari za vyeo na nani alipandishwa na nani aliachwa hamtazikuta humu. Mwenye hamu nazo akaulize kwingine.

Nilianza kazi Shinyanga, miaka michache baada ya vile vita vikubwa kwisha. Nilishuka kwenye treni ya Mwanza na sanduku moja la bati, kijana wa Muheza ambaye hakuwahi kuona nchi tambarare namna ile, haina hata mnazi mmoja wa kupumzishia jicho. Maabara ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Tulipima samli, chakula cha ng'ombe, na mboga za majani. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Fernandes, Mgoa mfupi mwenye miwani minene, aliyezeekea palepale na kuzungumza Kiswahili kama sisi, ila alikuwa akikizungumza kwa hasira.

Neno kromatografia nililisikia baadaye sana. Sisi tulisema "kushusha rangi". Unachukua mrija wa kioo uliosimama wima, chini umezibwa kwa pamba. Ndani unajaza alumina, unga mweupe mzuri kuliko unga wa sembe. Unasaga majani yako, unayaloweka katika spiriti na petroli iliyosafishwa mpaka ikawa nyepesi, unaosha, kisha ile petroli yenye rangi ya majani unaimimina juu ya unga. Halafu unaongeza petroli tupu, kidogo kidogo. Kila rangi inashuka kwa mwendo wake. Kijani inang'ang'ania juu kama mgeni asiyeondoka. Ile ya chungwa, iitwayo karotini, inashuka mbele ya wenzake, mkanda mzuri uliozunguka mrija, mpaka inadondoka chini kwenye chupa. Unailinganisha na chupa zako za rangi ambazo kipimo chake unakijua, unajua ipo kiasi gani. Karotini ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini ya macho.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kazi ya kuziba mrija. Nikatazama nje, nikaona pamba, maana Usukumani pamba huikosi. Nikachuma ile ya shambani, nyeupe kabisa, nikaishindilia. Petroli ilipopita ikatoka na rangi ya manjano ambayo haikutoka kwenye jani lolote, kisha ikagoma kupita kabisa. Bwana Fernandes akaja, akainama, akatazama.

"Hamisi, hii pamba umeitoa wapi?"

"Hapo nje, Bwana. Ni safi."

"Ni safi ya kushonea godoro! Pamba mbichi ina mafuta yake, nayo yanashuka pamoja na rangi yako. Sasa umepima majani au umepima shati lako?"

Akanichemshia mwenyewe pamba nyingine, akaikausha, akaniwekea mezani. Ndivyo alivyokuwa. Matusi kwanza, kisha msaada, na shukrani ukimpa anageuka anaondoka.

Mengine niliyojifunza kwake nayaandika hapa, kwa sababu hata hizo mashine zenu zenye pampu zinaugua maradhi yaleyale, zimevaa nguo mpya tu. Mkanda ukishuka umepinda, upande mmoja mbele na mwingine nyuma, basi mrija umeinama au unga haukujazwa sawasawa. Ukiona ufa ndani ya unga, hewa imeingia, vunja ujaze upya, usijidanganye kuwa utapona. Jua la Shinyanga likipanda, ile petroli huchemka yenyewe ndani ya mrija na kutoa mapovu, kwa hiyo tulianza kazi alfajiri, na mchana tuliufunga mrija kitambaa kibichi kama mgonjwa wa homa. Tena chumba tulikitia giza. Madirishani tulipigilia mablanketi, kwa sababu mwanga wa jua unaila karotini. Ukiiacha juani, rangi inapauka mbele ya macho yako. Nilifanya kazi miaka mingi katika kile kiza, na watu wa mji walidhani nina ugonjwa.

Zaidi ya yote, kila asubuhi kabla ya sampuli yoyote, Bwana Fernandes alishusha kwanza tone la mawese ya Kigoma, aliyoyaficha kabatini ndani ya chupa nyeusi. Mawese yamejaa karotini, hilo halina ubishi. Yakishuka vizuri, mrija ni mzima. Yasiposhuka, hakuna haja ya kupima kitu kingine siku hiyo. Mimi nikiharakisha kusema, "Bwana, majani haya hayana kitu," yeye hunikatiza: "Majani niachie. Niambie kwanza mrija una nini."

Alirudi kwao Goa akiwa mgonjwa wa kifua. Stesheni alinipa ile chupa nyeusi, akanigeuzia mgongo, akapanda. Sikupata habari zake tena. Nilikuwa sijui kuwa mtu anayekugombeza kila siku akiondoka anaacha kimya kikubwa namna ile.

Haukupita muda nikapelekwa upande wa Geita, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu uliotaka mtu wa kupima maji na chakula cha wafanyakazi. Barabara ile Mungu aijua mwenyewe. Tulipofika, nikafungua sanduku, nikakuta chupa ya mawese imepasuka na mashati yangu yote yamekuwa ya rangi ya chungwa. Nilikaa juu ya sanduku nikacheka peke yangu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwonyesha.

Upweke wa pale niuseme wazi. Kambini walikuwepo watu wa kila kabila, lakini kila kabila na moto wake. Wasukuma walikaa kwao, Wasumbwa kwao, Wazinza kwao. Mimi waliniita Mswahili, wakanipa salamu zote za heshima, kisha wakaendelea kuzungumza lugha yao. Kutwa nzima nilikuwa ndani ya chumba cha giza na mrija. Zilikuwepo siku ambazo jua lilichwa sijasikia sauti yangu. Jumamosi nilikwenda dukani kwa Mzee Kanji, Mhindi aliyeuza vitambaa, chumvi na majembe, nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji, ilimradi nipige soga. Mzee Kanji alijua. Alikuwa akinirudishia chenji taratibu sana.

Ndipo nikakutana na Masanja. Jioni moja nilikuwa nimekaa mlangoni pangu kwenye kigoda, mtu mrefu akaja moja kwa moja akanikanyaga, tukaanguka wote wawili.

"Ala! Wewe huoni?"

"Sioni," akasema palepale chini. "Kweli sioni, Mswahili. Nisamehe."

Alikuwa fundi wa kuweka magogo ya kuzuia udongo shimoni, Msukuma wa upande wa Mwakitolyo. Mchana aliona kama mimi na wewe. Jua likigusa kilima tu, dunia inamfungia mlango. Alilificha jambo hilo kwa wiki kadhaa, akitembea kwa kufuata sauti za wenzake. Nikamwambia nitamfikisha kambini. Nikamshika mkono, akauchomoa. "Usinishike mkono kama mtoto." Basi nikachukua fimbo yangu, nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukaenda.

Kesho yake nikamngoja kwenye lango la mgodi. Kesho kutwa pia. Ikawa ndiyo desturi. Kutoka langoni hadi kambini ni mwendo mfupi, lakini kwa fimbo ulikuwa mrefu, na njia nzima Masanja alizungumza. Alinifundisha kusema mwangaluka asubuhi na mwadila jioni. Alinicheka matamshi mpaka machozi. Alinisimulia habari za mkewe, Mama Kabula, jinsi anavyopika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na karanga za kusaga. Nami nikamsimulia nazi, asiamini kuwa tunda linaweza kuwa na maji ndani. Nawaambieni kweli, nilikuwa nakaa kwenye kile chumba cha giza kutwa nikiingoja jioni.

Balaa likaja pale nyapara alipogundua. Masanja alipangiwa zamu ya jioni, akakataa kutembea juu ya daraja la mbao bila kushikwa. Meneja akasema huyu anatega kazi, na si yeye peke yake, wapo wengine wenye hadithi hiyohiyo. Mwisho wa mwezi watafukuzwa. Daktari wa mgodi, Mzungu mpole aliyezidiwa na kazi, aliniita.

"Hamisi, mimi nadhani ni chakula. Lakini meneja anasema wanapewa mboga za majani kila siku, tena kavu, magunia kwa magunia, zinanunuliwa kwa kina mama wa vijijini. Anasema wenye mboga hawawezi kukosa vitamini ya macho. Mafuta ya ini la samaki yameniishia, na hataniruhusu kuagiza mengine bila sababu. Pima hizo mboga."

Jioni ile njiani nilimweleza Masanja yote. Karibu na kambi akasimama, nikahisi fimbo imekaza.

"Hamisi, nikirudi nyumbani hivi, watasema nimerogwa. Wakwe zangu hawataacha mtoto wao akae na mtu aliyerogwa. Watamchukua Mama Kabula, na Kabula watamchukua. Wewe unaelewa?"

"Naelewa."

"Basi pima vizuri."

Nikapima mboga za stoo. Ilikuwa kiangazi, na nilikuwa nimefungua kopo jipya la alumina. Nikasaga, nikaosha, nikamimina. Kijani ikakaa juu kama kawaida yake. Petroli ikashuka nyeupe, nyeupe, nyeupe tupu mpaka mwisho. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mboga hazina kitu! Masanja amepona! Nikawa tayari nimeshafika mlangoni nimpelekee daktari, kisha nikasimama. Jani la kijani, hata liwe bovu vipi, lisitoe hata kivuli cha manjano? Meneja akisema nilinganishe na mboga nzuri, nitamwonyesha nini?

Nikamwuliza Masanja kama anajua mtu mwenye nsansa ya nyumbani. Akanipeleka chumbani kwake, akatoa chungu kidogo kilichofunikwa kwa kigae. Ndani mlikuwa na nsansa aliyopewa na mkewe siku anaondoka.

"Kwa nini huli?"

"Nikila itakwisha," akasema, bila haya yoyote. "Jioni nafunua, nanusa, nafunika."

Mimi sikuwa hata na chungu cha kunusa. Akanichotea konzi nzima, mtu aliyekuwa akijinyima hata jani moja la ile mboga.

Alfajiri nikaishusha. Ikatoka nyeupe vilevile.

Nilikaa chini. Kwa hesabu ya haraka, nsansa ya nyumbani na mboga za stoo ni sawa, zote hazina kitu. Meneja angesema, mbona vijijini wanakula hizihizi na jioni wanachunga ng'ombe wao? Basi si chakula. Ni uvivu. Masanja angeondoka na gunia lake, gizani, hana wa kushika ncha ya pili. Wallahi niliuchukia ule mrija, nikataka kuupiga ukutani.

Ndipo nikaisikia sauti ya Bwana Fernandes, kama imesimama nyuma yangu na miwani yake. Majani niachie. Niambie kwanza mrija una nini.

Nikakimbia kwa Mzee Kanji. Haikuwa Jumamosi, akashangaa.

"Leo kiberiti kimekwisha mapema?"

"Una mawese, Mzee?"

"Ninayo kidogo, ya watu wanaopika sabuni. Unataka kufua?"

"Nataka kumwokoa mtu."

Akanitazama, akanijazia kichupa, akaufunga mlango wa duka akanifuata mpaka maabara, mzee wa watu, akihema. Nikajaza mrija upya kwa unga uleule wa kopo jipya, nikadondoshea mawese. Yale mawese mekundu, yanayotia madoa hata mashati, yaliganda juu ya unga, pete nyembamba ya chungwa, hayakwenda popote. Nikaongeza petroli, na petroli ikapita ikayaacha. Chini ikadondoka nyeupe tupu.

"Mbona unacheka?" akauliza Mzee Kanji.

Nilikuwa nacheka kwa sababu majani hayakuwa na kosa. Unga wa kopo jipya ulikuwa umekaushwa mno kiwandani, na ule ukavu wa kiangazi ukauzidisha. Alumina iliyokauka kupita kiasi inaishika karotini na haiiachii, na kijani iliyokaa juu inaifunika usiione. Shinyanga tulizoea ugonjwa wa kinyume chake. Masika unga unanyonya unyevu wa hewa, rangi zote zinashuka mbio pamoja kama watu wanaokimbia mvua, kijani na manjano na chungwa, na wewe unadhani umepata karotini nyingi. Dawa ya masika ni kuuoka unga. Kwa hiyo dawa ya kiangazi ni kuunywesha. Nikatia unga ndani ya chupa, nikadondoshea maji machache, nikatikisa mpaka madonge yakaisha, nikauacha utulie. Nikajaribu mawese. Yakashuka kwa ubishi. Nikauongezea maji kidogo tena. Sasa yakashuka mkanda mmoja mzuri, umenyooka, hauna mkia.

Kisha nikashusha nsansa ya Mama Kabula. Kijani ikabaki juu. Chini yake ukajitenga mkanda wa chungwa, mpana, umeiva, ukaja taratibu mpaka mlango wa mrija. Mzee Kanji alikuwa ameinama mikono magotini. "Hiyo imo ndani ya majani?" akanong'ona. Nikashusha na ya stoo. Ikatoka rangi ya chai iliyotiwa maji mara tatu. Yalikuwa majani yaleyale ya kunde ya nchi ileile, na moja limebaki na macho yake, lingine limepofuka.

Nilitoka nje kupumua, blanketi nililobandua dirishani bado mkononi. Jua la saa sita. Mbele yangu lilikuwa paa la stoo, mabati matupu, na juu ya mabati zimeanikwa mboga, magunia kwa magunia, zimepauka kama nyasi za mwaka jana. Kina mama walizikausha uvunguni mwa maghala yao, kivulini, kama mama zao walivyofanya. Mgodini walizianika mara ya pili juu ya bati, siku nzima, ili zisiingie wadudu. Nilikuwa nimepita chini ya paa lile kila siku, mimi niliyepigilia mablanketi madirishani ili jua lisiile rangi.

Daktari alizitazama chupa mbili, akanitazama, akazichukua akaenda nazo mwenyewe kwa meneja. Sikuitwa, na sijui walizungumza nini. Ninachojua, mboga zilishushwa kwenye mabati siku hiyohiyo, jikoni wakaanza kutia samli kwenye mboga kwa sababu karotini bila mafuta mwili hauipokei vizuri, na mafuta ya samaki yakaagizwa. Hakufukuzwa mtu.

Yalipofika yale mafuta, Masanja aliyanywa amekunja uso, akayatukana kwa Kisukuma, akanywa tena. Mimi niliendelea kumngoja langoni na fimbo.

Haikuwa muda mrefu. Jioni moja jua lilikuwa limeshazama, mbingu imebaki na wekundu kidogo. Nikamwona anatoka langoni, akili yangu ikaniambia kuna kitu. Alikuwa anatembea kichwa juu. Nikamnyooshea ncha ya fimbo. Hakuishika.

"Mwadila, Hamisi! Angalia jiwe, utajikwaa."

Nikatazama chini. Lilikuwepo jiwe. Yeye ndiye aliyeliona kwanza.

Akanikumbatia akaninyanyua juu, akacheka kama kichaa, akaniambia Mama Kabula amekuja, amefika mchana na mtoto, amepewa chumba, sasa hivi anapika, niende nikale. Nikamwambia tangulia. Akatangulia. Mtu mrefu yule, hatua ndefu, alipotelea mbele yangu katika njia ileile tuliyokuwa tukiitambaa kama konokono, na kutoka mbele huko nikasikia sauti yake, "Njoo basi, mbona unachelewa?" Nilifurahi. Mungu shahidi, nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Na nilisimama pale nikalia, fimbo nimeishika ncha moja, ya pili inaburuta chini.

Nilikwenda nikala. Nsansa ile ni tamu kweli. Lakini alihamishiwa zamu ya jioni, kama ilivyokuwa haki yake sasa, mimi ni mtu wa alfajiri, na chumba chake kilikuwa na watu wake. Tukawa tunasalimiana kwa mbali. Baadaye walihamia Kagongwa kulima, nami nikarudishwa Shinyanga. Nilioa, mke wangu akatangulia mapema mbele ya haki, sina zaidi ya kusema hapo.

Basi, wanangu, hiyo mashine yenu ikiwaonyesha mstari mtupu, msikimbilie kuandika kuwa hakuna kitu. Pitisheni kwanza kitu mnachokijua. Kabati la chini, nyuma ya makopo, nimewaachia chupa nyingine nyeusi ya mawese. Msipikie.

Fimbo nimeondoka nayo. Goti langu la kushoto limekuwa bovu, kwa hiyo jioni naitembelea mpaka dukani, nanunua kiberiti, narudi. Nashika ncha yangu ileile. Ile ya Masanja ndiyo inayogusa chini.